Kabla Hujabomoa Ukuta, Omba Daftari la Madeni

Wiki iliyopita mdogo wangu mmoja wa fani yetu ya usanifu majengo, yuko Mwanza, kaniandikia: "Shikamoo dada. Nimepewa jengo la zamani la ofisi, ghorofa tatu. Wanataka liwe la kisasa, wafanyakazi wawe wanakuja siku kadhaa, siku nyingine wanafanyia kazi nyumbani. Nianzie wapi?" Akaambatanisha picha kumi na nne, zote za Pinterest, ule mtandao wa picha. Bembea ndani ya ofisi, nyasi bandia ukutani, meza ndefu kama za kamati ya harusi, na Wazungu wanne wanaichekea laptopu moja.

Nilicheka, kisha nikanyamaza. Picha mbili kati ya hizo nilikuwa nazo mimi mwaka 2022.

Marahaba mdogo wangu. Kaa nikusimulie.

Jengo langu lilikuwa Dar, Posta, ghorofa tano, la mwanzoni mwa miaka ya 1960. Unayajua majengo yale: membamba, madirisha ya luva pande zote mbili, sakafu ya terazo (saruji yenye vipande vya mawe, iliyosuguliwa), na usoni vile vizuia jua vya zege vilivyopangwa kama kimia. Wenyewe sitawataja, maana bado tunadaiana. Walikuwa na wafanyakazi 168. Baada ya korona wakaona viti vingi vinakaa vitupu, wakaamua wabaki na ghorofa mbili, tatu wapangishe. Hesabu nzuri kwenye karatasi.

Jambo la kwanza bosi alilolitaka ni kung'oa vile vizuia jua na kuweka kioo mbele kote, "tufanane na wenzetu." Vikao vitatu nilipigana. Nikamwambia mzee, Dar iko nyuzi saba hivi kusini mwa ikweta, na uso wa jengo lako unatazama magharibi. Jua la saa kumi jioni haliji kwa juu likazuiwa na paa, linakuja limeinama, linakuingia machoni. Waliojenga mwaka ule hawakuwa na viyoyozi vya kuficha makosa yao, ndiyo maana waliweka zege pale. Mwisho akakubali, shingo upande. Mgao wa umeme wa mwishoni mwa 2023 ulipotukuta, ghorofa zetu zilifunguliwa madirisha huku na huku, upepo wa bahari ukapita, kazi ikaendelea. Jengo la jirani, la vioo vitupu, watu walikuwa wanashuka kupunga upepo barabarani. Naomba hilo liandikwe mahali, kwa sababu siku ya uzinduzi halikusemwa na mtu.

Sasa nikupe aibu yangu.

Ghorofa ya pili tulianza nayo kama ya majaribio. Jengo linabebwa na nguzo na boriti, kwa hiyo kuta za vyumba hazibebi kitu. Nilizibomoa zote. Nikatoa dari, nikaacha zege wazi juu. Terazo tukaisugua mpaka ikawa inatoa sura yako. Vyumba vinne vya mikutano nikaviweka vya vioo. Nyaya, kwa vile huwezi kuchimba zege la zamani ovyo, tulizipitisha ukutani kwenye tranki, ile mifereji ya kufunika nyaya, na mfumo wa umeme wote tukaubadilisha, maana ule wa zamani haukuwa hata na waya wa ardhi. Nilipiga picha. Nikaziweka mtandaoni. Sifa nilizopata siku ile, acha tu.

Jumanne ya pili nikapita kuangalia. Nimeegesha gari uani, namwona mhasibu mkuu, mtu mzima, amekaa ndani ya IST yake, vioo vimepandishwa, laptopu kaiegemeza kwenye usukani, jasho linamtiririka. Anawasilisha taarifa ya robo mwaka kwa bodi. Ameniona, akaninyooshea kidole kimoja: subiri. Alipomaliza akashusha kioo akaniambia, "Mama, ofisi yako nzuri sana. Ila haina mahali pa kuongea."

Nilipanda juu. Ilikuwa kama Kariakoo. Ngazini watu watatu, kila mmoja anaiambia simu yake "mnanisikia?" Hapo ndipo nilielewa kitu ambacho hakuna picha iliyonionyesha: kazi ikiwa ya mseto, hata aliyekuja ofisini anashinda akiongea na ambaye hakuja. Kila mtu ni kikao. Chini terazo, juu zege, katikati vioo. Sauti haina pa kufia, inagonga inarudi.

Usiku ule sikulala. Na sisemi kwa kutia chumvi. Nilikuwa nimetumia pesa za watu kujenga studio ya mwangwi.

Nikaomba takwimu za mahudhurio. Wakanipa za mashine ya kidole: kila siku watu karibu 150. Haiwezekani, mimi mwenyewe nilikuwa nimeona Ijumaa jengo limelala. Mlinzi ndiye aliyenitonya, kwamba watu wanaweka kidole saa mbili, saa tatu hawapo. Mashine inahesabu vidole, haihesabu watu.

Aliyeniokoa ni mama anayeuza chai na chapati ghorofa ya chini. Ana daftari la madeni, lile la kurasa 96, kalichora mistari kwa rula: jina, siku, chapati ngapi, maharage, kalipa au bado. Nilimwomba nikae nalo nusu saa. Jumanne na Jumatano majina yanajaza kurasa mbili mbili, mengine yameandikwa pembeni wima. Jumatatu nusu ukurasa. Ijumaa majina manane, na mawili ni madereva. (Bosi naye yumo. Sitasema anadaiwa ngapi.) Nikakaa wiki tatu mlangoni na kuhesabu mwenyewe, saa nne na saa nane, nikapata picha ileile: Jumanne watu 110 hivi, Ijumaa hawafiki 30.

Kwa hiyo, mdogo wangu: hesabu watu kwanza. Usiulize wangapi wameajiriwa, uliza wangapi wanakaa saa nne asubuhi ya Jumanne, na wanafanya nini. Hesabu watu kabla hujachora.

Kisha kuna suala la makoti. Nani asiyelijua koti la ofisini? Limetundikwa kwenye kiti tangu Jumatatu, ukiuliza unaambiwa "yupo, katoka kidogo," mwenyewe yuko Bagamoyo anasimamia shamba. Sisi kazi ya mseto tumeianza zamani, tulikosa jina tu. Nilipoleta meza za kuchangia, anayewahi anakaa, vita vikali havikutoka kwa vijana. Vilitoka kwa wenye makoti. Mzee mmoja wa masjala, miaka mingi kwenye kiti kimoja, jina lake limeandikwa nyuma kwenye selotepu, aliniuliza bila hasira: "Kwa hiyo mimi nikifa watajuaje nilikuwa nakaa wapi?" Sikuwa na jibu. Nilimwachia kiti. Masjala yote niliiacha na viti vyake, faili haziwezi kufanyiwa kazi nyumbani Chanika. Wengine nikawapa kila mmoja kabati dogo lenye kufuli na jina lake. Ugomvi ukapungua sana.

Marekebisho yenyewe nitayapitia haraka. Meza 84. Nusu ya sakafu nikairudishia kuta, ndiyo, zilezile nilizobomoa, kwa gharama yangu ya aibu. Vibanda sita vya mtu mmoja wa kuongea na simu, vijana wakavibatiza "kitubio." Juu nikatundika mbao nyembamba za kumeza sauti, zenye pamba ya mawe ndani, zimevikwa kitambaa. Fundi alitaka kuweka sponji ya magodoro ili ipungue bei. Nilikataa, na wewe ukatae hata wakikuita mkorofi: sponji ile inashika moto upesi na moshi wake unaua kabla moto haujafika.

Na acha nafasi ya siku mbaya. Mei 2024 mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ilipokatika, intaneti za majumbani zikafa, Jumatatu yake jengo zima lilihamia ofisini kutafuta mtandao. Watu walikaa hadi kwenye kingo za madirisha. Vyoo ndivyo vilivyoshindwa kwanza. Hesabu na vyoo.

Siku ya uzinduzi mshereheshaji alimshukuru mkandarasi, waliopika, waliopamba, "na wengine wote." Mimi ndiye wengine wote. Nilikuwa nimesimama karibu na meza ya juisi na gauni jipya. Awamu yangu ya mwisho ya malipo imechelewa miezi minane. Vijana, mtaniuliza mikataba iweje, nitawaambia: andikeni lini mnalipwa, andikeni na jina lenu litatajwa wapi. Acheni haya ya "sisi ni familia." Familia ina daftari pia. Acheni kunakili picha za watu wasioijua joto ya Februari. Someni majengo yenu, kaeni ngazini, mhesabu watu. Narudia kwa sababu najua hamtanisikia, hata mimi sikusikia.

Mwezi uliopita nilipita tena, kufuata hela yangu. Sikuipata, nikapanda juu kuangalia kazi. Kulikuwa kimya kizuri. Nikataka kupiga simu, nikaenda kwenye vibanda. Vyote sita vimetundikwa makoti kwenye milango, na ndani hamna mtu.

Nimewaambia utawala wang'oe kulabu.