Gridi inalipuka Ghuba ya Winam: maswali yenu ya uzamifu

SWALI: Wahariri, hamjambo. Niko mwaka wa pili wa uzamifu katika hisabati ya uhandisi. Nimeandika programu ya kukokotoa mwendo wa maji katika Ghuba ya Winam, mkono wa Ziwa Victoria, kwa milinganyo ya maji ya kina kifupi. Miraba ya gridi ina upande wa mita 500, hatua ya muda ni sekunde 30, na kina kwenye ramani yangu ni kuanzia sufuri hadi mita 40. Kabla hata siku moja ya ziwani haijakwisha, maji yanapaa maelfu ya mita, kisha skrini inajaa NaN (alama ya kompyuta ya "hii si namba"). Msimamizi ameniambia nipunguze hatua "mpaka itulie". Nimeshuka hadi sekunde 20, bado. Ripoti ya maendeleo ni mwezi ujao. – Mkaazi wa Milimani, Kisumu

JIBU: Ndugu, usipunguze kwa kubahatisha. Piga hesabu. Kasi ya wimbi katika maji ya kina kifupi ni kipeuo cha pili cha g (mvutano wa dunia, 9.81) mara kina. Penye mita 40, 9.81 × 40 ni 392.4, na kipeuo chake ni mita 19.8 kwa sekunde. Kama programu yako hukokotoa hatua inayofuata kutokana na zilizopita pekee, inafungwa na sharti la Courant, Friedrichs na Lewy la mwaka 1928: wimbi lisivuke zaidi ya mraba mmoja katika hatua moja. 500 ÷ 19.8 ni sekunde 25. Kwa kuwa gridi yako ina pande mbili, gawanya tena kwa 1.41, unabaki na sekunde 18 hivi. Ndiyo maana 30 ililipuka, na 20 pia. Weka 15, kwa sababu kasi ya mkondo wenyewe hujumlishwa na ya wimbi.

Wengi huteleza hapa kwa kutumia kina cha wastani. Kwa mita 6 hesabu ingekuruhusu sekunde 46, na kweli sehemu kubwa ya gridi ingetulia. Lakini mraba mmoja wenye kina kirefu unatosha kuangusha yote.

Ikilipuka tena kwa 15, tazama ufuoni. Programu hupata kasi kwa kugawanya mtiririko kwa kina. Kwenye mdomo wa mto Nyando, mraba uliobaki na milimita 3 za maji na mtiririko (kasi mara kina) wa 0.15 utakupa 0.15 ÷ 0.003, yaani mita 50 kwa sekunde. Hakuna mvuvi wa Dunga aliyewahi kuuona mkondo wa namna hiyo, na kwa kasi hiyo hata sekunde 15 ni nyingi mno. Weka kizingiti cha sentimita 5: kina kikiwa chini yake, maji hubaki kwenye mraba lakini kasi yake inakuwa sufuri.

Sasa zima kila kitu. Gugumaji, upepo wa jioni na mito vina zamu yao, si leo. Acha sakafu ya ziwa na mabonde yake yote, uso wa maji uwe tambarare, kisha endesha saa 24. Maji yasisogee. Kwa tarakimu za usahihi maradufu (double precision), kasi iwe karibu na 10⁻¹² ya mita kwa sekunde. Ukiona sentimita kwa sekunde, mteremko wa sakafu na msukumo wa maji vimekokotolewa kwa njia mbili zisizofutana, na mkondo huo wa uongo ungeusingizia upepo baadaye.

Jaribio la pili ni birika: mstatili wa urefu wa kilomita 60, kina mita 6 kila mahali, kuta pande zote, bila msuguano. Inua maji sentimita 1 upande mmoja na kuyashusha kiasi hicho upande wa pili, kwa umbo la kosaini. Kanuni ya Merian ya 1828 inasema muda wa kwenda na kurudi ni urefu mara mbili, ugawanye kwa kasi ya wimbi: 120,000 ÷ 7.67, yaani saa 4 na dakika 21. Wimbi likirudi kwa wakati lakini limefifia, mbinu yako ina mnato wake wa kubuni unaokula mawimbi. Likichelewa, gridi ni pana mno, au umekosea nusu mraba ukutani. Kosa la pili ndilo la kawaida zaidi.

Rudia birika hilo kwa miraba ya mita 1,000, 500 na 250, ukipunguza hatua ya muda kwa kiwango kilekile. Makosa, yaani tofauti na jibu kamili, yakiwa, tuseme, 0.080, 0.021 na 0.0052, kila mara yanagawanyika kwa karibu 4, na mbinu ni ya daraja la pili. Yakigawanyika kwa 2 tu, anza kutafuta mipakani.

Peleka jedwali la makosa hayo pamoja na mchoro wa ziwa lililotulia. Jopo litakuuliza umejuaje kwamba programu iko sawa, na ramani yenye rangi nzuri hailijibu swali hilo.

SWALI: Nilimtumia msimamizi kurasa 60. Miezi miwili, kimya. – Njoro

JIBU: Kurasa 60 huwekwa kando zingoje wikendi ambayo haifiki. Tuma ukurasa mmoja kila wiki mbili: mchoro mmoja, ulichobadilisha, na swali moja linalojibika kwa ndiyo au la. Kama mna wasimamizi wawili, waandikie wote katika barua pepe moja. Mkikutana, siku hiyohiyo andika mlichokubaliana na tarehe, uwatumie.

SWALI: Chuo chetu kinataka makala mawili kabla ya kutetea tasnifu. Nisubiri matokeo yote? – Kakamega

JIBU: Usisubiri. Mbinu na majaribio yake ni makala ya kwanza. Data halisi ni ya pili. Wahakiki huchukua miezi, kwa hiyo ya kwanza iondoke kabla mwaka wa pili haujaisha. Jarida linaloahidi kukukubali ndani ya siku tatu baada ya malipo halina wahakiki, na jopo linayajua majina hayo.