Siku za kwanza peke yako kwenye treni za India

Treni yangu ya pili nchini India niliichelewa kwa karibu siku nzima. Tiketi iliandikwa tarehe 14, saa 00:25. Nikafika stesheni tarehe 14 saa tano na nusu usiku, nimeoga, nimekula, begi mgongoni, najiona msafiri hodari. Mkagua tiketi akaitazama karatasi, akanitazama mimi, akasema maneno mengi ya Kihindi ambayo ndani yake nilidaka moja tu: gari. Lilitosha. Gari lilikuwa limeondoka usiku uliotangulia, na nauli ndiyo imekwenda hivyo, kwa sababu asiyetokea harudishiwi.

Tangu hapo tiketi yoyote ya usiku wa manane naiandika upya kwenye daftari langu: usiku wa 13 kuamkia 14. Kiswahili kilishalimaliza jambo hili zamani, mimi ndiye niliyeacha kukitumia. Kwetu tunaohesabu saa kuanzia macheo, ratiba ya saa 24 inataka utulivu, na utulivu ndio unaokosekana siku za mwanzo. Umetua Mumbai baada ya usiku wa ndege, saa yako imesogea mbele saa mbili na nusu, na kila kitu kidogo, kuanzia kununua maji hadi kuvuka barabara, kinakudai uamuzi.

Kwa hiyo, ewe unayejiandaa kwa mara ya kwanza, maamuzi yafanye ukiwa bado nyumbani. Kadi ya homa ya manjano kwanza: anayetoka Kenya anadaiwa, na chanjo iwe imetimiza siku kumi kabla ya kufika. Pili, nyumba ya kulala ya siku tatu za mwanzo, na uwaulize waziwazi kama wanapokea wageni wa nje. Sheria inawataka waandikishe kila mgeni kwa mamlaka, na nyumba nyingi ndogo hukwepa kazi hiyo. Mimi niligeuziwa mgongo mlangoni saa nne usiku, na nilikuwa nimeshalipa.

Tatu, tiketi ya treni ya kwanza, nayo iwe ya mchana. Hili nalisisitiza kuliko mengine yote. Watu husema lala kwenye treni uokoe pesa ya chumba. Sawa, utaokoa wiki ya pili. Mara ya kwanza unataka kuona: abiria wanakaaje, wanafunga mizigo wapi, wanashukaje kwenye kituo ambacho treni inasimama dakika mbili tu. Mimi nilianza na Mandovi Express, inayotoka Mumbai kwenye stesheni ya CSMT asubuhi baada ya saa moja na kufika Madgaon, Goa, jioni. Inapita reli ya Konkan, iliyokamilika mwaka 1998, milima kushoto kwako, bahari mahali fulani kulia, na mahandaki mengi hata simu unaacha kuihangaikia. Ukienda msimu wa mvua, kuanzia Juni, ujue treni za njia hiyo hupunguza mwendo kwa kuogopa maporomoko ya mawe, na ratiba hubadilishwa kabisa.

Viti na vitanda vya safari hizi hufunguliwa siku 60 kabla, na vya njia zenye watu vinaisha upesi. Tiketi yako ikiwa na herufi WL, uko kwenye foleni, huna nafasi. Usiende nayo stesheni ukitumaini huruma. Ikiwa na RAC, utapanda, lakini kitanda kimoja cha pembeni mtakikalia wawili. Kwa kuanzia chukua daraja la 3A: vitanda vitatu, kimoja juu ya kingine, kiyoyozi, shuka na blanketi unapewa. Daraja la Sleeper ni rahisi zaidi kwa bei na lina mazungumzo matamu zaidi, madirisha wazi yenye nondo, vumbi, wauza karanga wakipita. Nalipenda. Sikupendekezei kwa siku ya kwanza.

Kuhusu kitanda, chagua cha juu, hasa ukiwa mwanamke peke yako. Cha chini kinaonekana raha, ila mchana ni kochi la watu wote, na cha katikati hakifunguliwi mpaka wakati wa kulala, yaani saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Juu unapanda muda wowote, unaweka mkoba kichwani, yamekwisha. Begi kubwa linakaa chini ya kitanda cha chini, ambako kuna vitanzi vya chuma vya kupitishia mnyororo. Mnyororo na kufuli wanauza hapo hapo stesheni. Pasipoti isikae kwenye begi hilo hata dakika moja, maana ndiyo kitambulisho utakachoombwa ndani ya treni.

Stesheni sasa. Treni moja inaweza kuwa na mabehewa zaidi ya ishirini, na ukisimama upande usio wako utakimbia na begi lako kama kuku aliyefunguliwa kamba. Tazama namba ya behewa kwenye tiketi, B2 au S5, halafu tazama vibao juu ya jukwaa vinavyoonyesha behewa lipi litasimama wapi. Ukikwama, wapagazi wenye shati jekundu na beji ya shaba mkononi wanajua kuliko kibao. Patana bei kabla hajaligusa begi.

Na namna ya kuuliza ina maana. Ukiuliza, “Hii ndiyo treni ya Madgaon?” utaitikiwa “ndiyo” kwa tabasamu, iwe ndiyo au siyo, kwa sababu mtu hapendi kukuvunja moyo. Uliza, “Treni hii inakwenda wapi?” kisha nyamaza. Muulize na wa pili. Sisi wa pwani tusijifanye kushangaa, nasi tunamwelekeza mgeni njia tusiyoijua.

Wa kumwogopa ni yule asiyeulizwa anayekuja mwenyewe. Delhi, stesheni ya New Delhi, upande wa Paharganj, kuna ofisi ya tiketi za wageni ghorofani, ndani ya jengo lile lile. Nikiwa hatua chache kutoka ngazi, kijana nadhifu akaniambia imefungwa, imehamia mjini, atanipeleka kwa bajaji bure. Nilishaketi ndani ya bajaji nilipojiuliza bure hiyo inalipwa na nani. Nikashuka. Ofisi ilikuwa wazi, feni za dari zinazunguka, foleni ya watu sita.

Fedha taslimu beba, noti ndogondogo. Hili litakuuma wewe uliyezoea M-Pesa, kwani utamwona hata muuza chai akipokea malipo kwa simu, na wewe mgeni usiye na akaunti ya benki ya huko unapapasa mfukoni kutafuta rupia kumi.

Utatazamwa. Mweusi mwenye begi, peke yake, ndani ya behewa la familia: watakutazama bila haya, wataomba picha, na mara mojamoja utasikia neno ambalo huhitaji mkalimani. Nilichofanya mimi ni kukaa karibu na mabibi. Bibi mmoja wa Ratnagiri aliniita beti, yaani binti, kabla hata ya kuniuliza jina, akanipa chapati na achari, na kila muuzaji aliyepita alipatana naye kwa niaba yangu. Maneno yetu ya pamoja tuliyahesabu kwa vidole: chai, chapati, achari, pesa, gari, laki. Alicheka sana kwa laki.

Saa za kushuka hakuna atakayekutangazia kwa uhakika, na treni ikichelewa, kituo chako kinahama nayo. Fuatilia mwendo kwenye simu, na weka kengele nusu saa kabla. Mimi niliweka, sikuisikia. Bibi ndiye aliyenigonga goti, “Beti, Madgaon,” begi langu akiwa ameshawaagiza wajukuu wake walisogeze mlangoni.