Bomu la vishada halitegwi. Mbona basi limepigwa marufuku?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Nafuatilia habari za vita vya Ukraine, nikasoma kwamba mabomu ya vishada huundwa ili yalipuke pale pale yanapogusa ardhi. Bomu la ardhini linategwa limsubiri mtu, hili halimsubiri mtu. Kwa nini basi yote mawili yamepigwa marufuku, tena kwa mikataba tofauti? Isingetosha kuwabana watengenezaji waboreshe mitambo yao ili yasibaki bila kulipuka? Halafu, wale panya wanaofunzwa kunusa mabomu pale Chuo Kikuu cha Kilimo (SUA), Morogoro, wanaweza kuyanusa haya ya vishada? (Msomaji, Masasi)

JIBU: Marahaba. Hilo neno lako "limsubiri" ndilo lililozaa mikataba miwili.

Mkataba wa Ottawa, unaokataza mabomu ya ardhini ya kudhuru watu, ulitiwa saini Desemba 1997, ukaanza kazi tarehe 1 Machi 1999. Ukisoma tafsiri yake ya bomu la ardhini la kudhuru watu, utaona unaangalia lilivyoundwa: liwe limeundwa lilipuke kwa sababu mtu yupo, amekaribia au amegusa. Kwa hiyo bomu la kutegea vifaru halimo. Lile ambalo askari analilipua mwenyewe kwa swichi, akiwa amejificha mwisho wa waya, nalo halimo. Na kijibomu cha vishada (bomu la vishada hufunguka angani na kumwaga vijibomu vingi) kilichodondoshwa Laos mwaka 1970 kikashindwa kulipuka, kikaja kumuua mkulima miaka hamsini baadaye, hakimo vilevile, kwa kuwa aliyekiunda hakukusudia kisubiri. Kisheria kilikuwa ni bomu bovu tu. Laos ilidondoshewa zaidi ya vijibomu milioni 270 kati ya 1964 na 1973, kwa hiyo "bovu tu" lilikuwa shimo kubwa la kisheria. Mkataba wa pili, wa mabomu ya vishada, ndio uliolifukia: ulipitishwa Dublin tarehe 30 Mei 2008, ukatiwa saini Oslo Desemba ya mwaka huo, ukaanza kazi tarehe 1 Agosti 2010. (Wengine huyaita mabomu ya mtawanyiko. Ni yale yale.)

Sasa tuje kwenye ubovu wenyewe. Chukua aina moja iliyoenea sana. Roketi au kombora linafunguka angani na kumwaga vijibomu, kila kimoja kama betri kubwa ya tochi, kikiwa na utepe wa kitambaa mkiani. Upepo unauzungusha utepe, utepe unalegeza skrubu ya usalama, na kufikia chini kijibomu kiko tayari. Kikigonga ardhi ngumu kwa kichwa, pini inachoma, kinalipuka. Lakini kikiangukia tope, mchanga, au kikanasa kwenye matawi na kufika chini kwa ubavu, pigo halitoshi. Hapo una kitu ambacho usalama wake ulishafunguka angani na hakijalipuka. Kiko kama bunduki iliyokokiwa ikaachwa njiani, na kwa nje hakikuonyeshi kimefikia hatua gani.

Kiswahili hapa kinatusaidia kuliko lugha nyingi. Tunasema kutega na kutegua. Bomu la ardhini kwa kawaida lilitegwa na mkono wa mtu, mara nyingi lina mahali pa kuwekea pini, na mtaalamu mara nyingi anaweza kulitegua kwa kurudi nyuma hatua zile zile. Kijibomu cha vishada hakikutegwa na mtu, kwa hiyo hakuna cha kutegua. Kanuni ya kawaida ni kutokigusa: unaweka baruti pembeni, unaondoa watu, unakilipua pale pale kilipo.

Kuhusu kuboresha, jambo hilo lilijaribiwa kwa nguvu zote. Kijibomu cha M85 kiliwekewa mtambo wa pili wa kujilipua chenyewe iwapo wa kwanza utashindwa. Ilidaiwa kwamba vinavyobaki havifiki asilimia 1. Kikatumika Lebanon ya kusini mwaka 2006, na wataalamu waliokwenda kuhesabu uwanjani wakakuta karibu asilimia 10. Kwenye majaribio ardhi huwa ngumu na tambarare. Vita havichagui uwanja.

Hata tukiikubali hiyo asilimia 1, piga hesabu. Roketi moja ya M26 inabeba vijibomu 644. Gari moja la kurushia linabeba roketi 12, na linazirusha zote kwa takriban dakika moja. Hivyo ni vijibomu 7,728. Asilimia 1 ni kama 77 vilivyobaki shambani, kutoka gari moja, kwa dakika moja. Kwa asilimia 10 ni zaidi ya 770. Ndiyo maana mkataba haukuweka asilimia yoyote. Uliacha mlango mwembamba tu: silaha yenye vijibomu visivyofika 10, kila kimoja zaidi ya kilo 4, kinachotafuta shabaha moja, chenye mtambo wa kielektroniki wa kujilipua na mwingine wa kujizima. Masharti yote matano kwa pamoja. Kwa maoni yangu, hicho ndicho kifungu kilichoandikwa kwa akili kuliko vyote.

Hiyo haina maana kwamba dunia imekubaliana. Marekani, Urusi na Ukraine hazimo kwenye mkataba wa vishada. Lithuania ilikuwamo, ikajitoa Machi 2025, na mwaka huo huo yenyewe na majirani zake wakatoa taarifa ya kujitoa Ottawa pia. Kujitoa Ottawa huchukua miezi sita, na nchi ikiwa vitani muda huo unapokwisha, haitoki mpaka vita viishe. Watunzi walijua kwamba nchi ikishaingia vitani ndipo hutamani kutoka.

Na panya. Ndiyo, panya buku wananusa baruti yenyewe, hawajali imefungwa ndani ya nini. Panya mmoja, Magawa, aliyefunzwa Tanzania, aligundua Kambodia mabomu ya ardhini 71 na silaha nyingine 38 ambazo hazikulipuka. Ila faida yao kubwa ni kwenye mabomu ya plastiki yenye chuma kidogo mno, na kwenye maeneo yaliyojaa vizibo vya soda na misumari, ambako kifaa cha kutambua chuma kinalia kila hatua. Vijibomu vya vishada vingi vina ganda la chuma na mara nyingi viko juu juu, kwa hiyo kifaa hicho huvipata vizuri bila panya.