Kisima cha zamani karibu na dampo: kizibeni, msikifukie kwa taka

Mji wa Tanga unakunywa maji ya bwawa la Mabayani, na bomba likishafika mtaani, kisima cha zamani husahaulika. Mimi ni fundi wa visima. Kinachonitia hofu kuliko lundo lenyewe la taka ni kisima kilichoachwa wazi pembeni yake.

Masika yakinyesha juu ya taka, maji hupenya ndani yake na kutoka yamebeba amonia, vijidudu, na madini ya risasi ya betri zilizooza. Yakipita kwenye udongo mzito, huchelewa na kuchujwa kidogo kidogo. Yakikuta kisima, hutumbukia moja kwa moja kwenye maji ya chini. Kwetu shida inazidi, maana sehemu kubwa tumekalia mawe ya chokaa. Aliyeingia Mapango ya Amboni ameona jinsi maji yanavyolila jiwe hilo. Penye mipasuko kama ile, maji machafu hukimbia bila kuchujwa hadi kwenye ndoo ya jirani. Wala msitegemee kuchemsha. Moto unaua vijidudu, lakini risasi na naitreti, chumvi inayotokana na amonia ile, hubaki sufuriani, tena hukolea maji yakipungua. Naitreti ikizidi miligramu 50 kwa lita, mtoto mchanga anayekorogewa maziwa ya kopo yuko hatarini.

Kwa hiyo vitafuteni visima kabla dampo halijavifikia. Waulizeni wazee walikuwa wakichota wapi. Angalieni ardhi inayotitia baada ya mvua, au duara la mawe katikati ya minazi. Kikishalaliwa na taka, hakuna atakayekiona tena.

Kimoja nilichokifunga kilikuwa na mdomo wa mawe ulioliwa na kamba za ndoo mpaka ukawa na mifereji. Tukavuta kwa kulabu: godoro, tairi, viroba vya pampasi, betri za redio zilizovimba. Maji yalikuwa meusi, yana povu. Mwenye shamba alitaka tumwage kifusi juu yake tumalize. Nilikataa, na ninyi mkatae. Kifusi na taka huacha mianya, na maji machafu yanashuka humohumo kama zamani, ila sasa hamuoni.

Asishuke mtu ndani, hata kwa dakika moja. Kisima kilichokaa muda mrefu huweza kukosa hewa, na karibu na dampo huweza kujaa methani, gesi inayolipuka. Msishushe koroboi kupima, msivute sigara mdomoni pake. Kazi yote ifanyike mkiwa juu.

Taka zikishatoka, pimeni kina, mtie klorini, kisha mmimine mchanga na kokoto safi mpaka usawa wa maji. Kutoka hapo kwenda juu ni udongo wa mfinyanzi, unaoshindiliwa kwa nguzo ndefu tabaka kwa tabaka. Karibu na uso wa ardhi, vunjeni makaravati (pete za zege) au mawe ya ukuta kiasi cha mita moja ili mfinyanzi ushikane na ardhi yenyewe. Ukuta ukiachwa, maji hupita nyuma yake. Malizieni kwa zege pana kuliko mdomo wa kisima.

Kisima kirefu cha mashine kina utaratibu wake: uji wa saruji au wa bentonaiti, mfinyanzi unaovimba ukilowa, hupelekwa kwa mpira mpaka chini kabisa na kujazwa ukipanda. Ukimiminwa kutoka juu, hukwama njiani na kuacha pengo. Hicho mwachieni fundi mwenye vifaa.

Kabla ya yote, mwambieni mwenyekiti wa mtaa na Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, maana Tanga imo katika bonde hilo, na muandikishe mahali kisima kilipo. Masika ya kwanza yakipita, rudini mkague. Mkikuta pametitia kandokando ya zege, ongezeni mfinyanzi mshindilie upya. Na mtu asichimbe choo hapo.