Baridi yabisi ukiwa Lamu: usingoje nilivyongoja mimi

Kwa miaka 2 niliambiwa ni kusi, ule upepo wa kusini. Upepo ukigeuka tu, vidole vyangu huvimba, na asubuhi siwezi kushika sindano mpaka jua lipande. Nashona kofia tangu nikiwa mwari, basi wengine wakasema ni kazi hiyo, pumzisha mikono. Nikapakwa habasoda, nikafanyiwa hijama. Duka la dawa nalo likaniuzia diklofenaki, dawa ya maumivu, kila nilipokwenda, hadi tumbo likaanza kuniunguza.

Binti wa mama yangu mdogo anaishi Mombasa. Alianza kuumwa mwaka ule ule. Mwezi wa tatu wa kuumwa alishafika kwa daktari wa viungo, kapimwa damu, kaanzishwa dawa. Leo vidole vyake vimenyooka. Vyangu viwili vya mkono wa kulia vimepinda na havirudi. Ugonjwa ni mmoja. Yeye hakuwa na boti ya kuvuka hadi Mokowe, gati ya bara, wala kushinda ndani ya basi, wala nauli ya watu wawili, maana mwenye magoti yaliyovimba hashuki ngazi za gati peke yake.

Habasoda sikukatazi. Ila ukiamka viungo vimekakamaa zaidi ya dakika 30, vidole vya mikono yote miwili vimevimba, na wiki 6 zimepita, usikubali kuambiwa ni kusi wala uzee. Baridi yabisi ya aina hii huwashika wanawake zaidi, hata wa miaka 30, na miezi ya mwanzo ndiyo dawa inapookoa viungo. Jipige picha za mikono alfajiri. Mchana uvimbe hupungua, na daktari atakuona mzima. Omba barua ya rufaa siku hiyo hiyo.

Ukiandikiwa methotreksati, dawa ya kuuzuia ugonjwa huu, sikiliza vizuri: hunywewa mara moja kwa WIKI. Kuinywa kila siku kunaweza kuua. Mimi yangu ni usiku wa kuamkia Ijumaa, na usiku huo nani Lamu atausahau? Anayetaka mimba amwambie daktari kwanza, kwani dawa hii hudhuru mtoto tumboni. Na damu lazima ipimwe kila baada ya muda, kuangalia ini na chembe za damu. Nilimwomba daktari wangu nipimwe hapa hapa kisiwani, majibu nimtumie kwa simu. Akakubali. Safari zangu zimebaki mbili au tatu kwa mwaka.

Prednisoloni, dawa ya steroidi ya kushusha uvimbe, usijinunulie dukani. Hutuliza upesi, kweli, na ndiyo hatari yake: uso unajaa, mifupa inadhoofika, na ukiizoea huwezi kuiacha ghafla.

Na piga simu kabla hujapanda boti. Safari moja nilifika Mombasa nikaambiwa daktari kaenda Nairobi, rudi wiki ijayo. Nikalala kwa binamu yangu yule. Jioni alikaa juu ya mbuzi akikuna nazi huku anazungumza nami, wala haangalii mikono yake.