Hita ya gesi ya kupasha nyumba joto inawaka, kisha inazimika yenyewe

Moto ukidumu sekunde chache tu, mara nyingi tatizo ni kile kijiti cha chuma kinachohisi moto. Kimeshika utando, bodi ya umeme inayoiongoza hita inadhani hakuna moto, inafunga gesi. Zima umeme na gesi, kitoe (kwa kawaida skrubu ni moja), kisugue taratibu kwa stilwaya laini, rudisha. Natengeneza hita hizi huku Minnesota, Marekani. Simu nyingi ninazopigiwa baridi ikianza huishia hapo. Ikizimika baada ya dakika kadhaa, hapo mara nyingi inapata joto kupita kiasi: angalia chujio la hewa, pengine limeziba vumbi. Ila ukisikia harufu ya gesi usiguse swichi yoyote, tokeni nje kwanza ndipo upige simu.