Siku Nilipopewa Farasi Nisiyemjua

Jumamosi ile Halua, farasi wangu wa masomo, alikuwa ameng'oka kiatu cha mguu wa mbele, na fundi wa kupigilia viatu vya farasi hakuwa mjini. Mwalimu hakuniuliza. Aliniambia tu, kama mwenye mkahawa anayekwambia mahamri yamekwisha, chukua chapati: "Leo utampanda Kamanda."

Nilikuwa na miezi saba ya masomo, yote mgongoni mwa Halua. Kila Jumamosi nachukua tuktuk hadi kwenye kiwanja cha mchanga nje kidogo ya mji wa Malindi, namkuta amesimama kivulini, jike la makamo, tumbo kubwa, macho ya usingizi. Nikitaka kugeuka anageuka, nikitaka kusimama anasimama. Nyumbani nilishaanza kujisifu mbele ya wifi zangu. Dakika ishirini juu ya Kamanda zilitosha kunionyesha kwamba sikuwa najua kupanda farasi. Nilijua kumpanda Halua, na hata hilo nusu yake ilikuwa kazi ya Halua.

Mimi ni mtu wa Lamu, mtaa wa Langoni, na mtu wa Lamu hataki kuambiwa habari za kupanda mnyama. Gari letu ni punda. Mawe, mchanga, simiti, magunia ya unga kutoka gatini, vyote hupita mgongoni mwake, na watoto humpanda wakikaa nyuma kabisa karibu na mkia, bila tandiko, kijiti mkononi, wakipenya vichochoro ambavyo watu wawili wakikutana mmoja hujibanza ukutani. Marehemu baba alikuwa na punda wanne. Kwa hivyo nilipohamia Malindi kikazi na kuanza masomo, nilijiona naingia na mtaji.

Mtaji huo ndio ulioniponza. Punda akishtuka husimama. Hukita miguu, husimamisha masikio, hupima jambo. Watu humwita mkaidi kumbe anafikiri. Farasi akishtuka huondoka kwanza, mawazo yatamkuta njiani. Mababu zake waliishi kwa makundi kwenye nyika za wazi, na aliyebaki nyuma kutafakari ndiye aliyeliwa. Mwili wangu ulifunzwa na punda, ukawa unangojea kituo ambacho farasi hana.

Basi kama unajifunza, jua kuwa siku yako ya farasi mgeni itafika. Farasi huchechemea, huumwa tumbo, huuzwa. Na nikikuambia ukweli, sehemu kubwa ya siku hiyo huamuliwa ukiwa bado umesimama chini.

Fika mapema, umuulize saisi. Simaanishi mwalimu, namaanisha saisi, yule anayemlisha na kumwogesha. Mwalimu anamjua farasi akiwa kazini. Saisi anamjua akiwa na njaa, akiwa na hasira, mvua ikinyesha. Wetu ni mzee wa Kigiriama mwenye maneno machache mno. Nilimwuliza, "Mzee, huyu tabia yake ikoje?" Akaendelea kupiga brashi, kisha akasema, "Mwanangu, hapendi kusimama ukiwa unapanda. Na usimvute." Nililishika la kwanza. La pili lilinipita kama upepo, nikalilipia baadaye.

Siku hizi huuliza zaidi. Alitoka wapi kabla ya kuja hapa? Mara ya mwisho kupandwa ni lini? Maana farasi aliyekaa zizini siku tatu anakula bila kazi ana mambo mengi ya kutoa mwilini. Kitu gani humshtua? Kuna mwenzake asiyeelewana naye, nisije nikamsogelea nyuma nikala teke lisilo langu?

Halafu mtazame mwenyewe. Mwendee kwa upande wa bega, ukizungumza. Farasi huona karibu pande zote, lakini kuna sehemu mbili zimefichika kwake: mbele kabisa ya paji la uso, na nyuma ya mkia. Ukitokea huko kimyakimya wewe ni chui. Pitisha kiganja mgongoni mahali tandiko litakapokaa na utazame masikio. Akiyalaza nyuma au akinywea ukimgusa, huenda ana maumivu, mwambie mwalimu kabla ya kitu chochote. Hili sikujifunza Malindi. Nililiona Lamu, kwa madaktari wa hospitali ya punda iliyopo mjini tangu 1987, waliokuwa wakimgeuza kila punda kutafuta vidonda vya mgongoni kabla ya kusikiliza hadithi ya mwenyewe.

Mkanda wa tumbo ukague wewe, hata kama umefungwa na mtu unayemwamini. Farasi wengi hutunisha tumbo mkanda ukikazwa, na wakishatembea kidogo tumbo linarudi, mkanda unalegea, tandiko linaanza kuhama upande. Kaza, tembea naye hatua chache, kaza tena. Ukishapanda, baada ya dakika tano au kumi, kagua mara ya tatu. Vikuku navyo, vile vyuma vya kukanyagia, vilikuwa vimepimwa kwa miguu ya mtu mwingine. Weka ncha za vidole pale ukanda wa kikuku unapoanzia kwenye tandiko, unyooshe mkono, uvute kikuku kuelekea kwapani. Kikigusa kwapa umekaribia kipimo chako, mengine utarekebisha ukiwa juu.

Kwa kina dada wenzangu, neno moja la mavazi. Kofia ngumu haina mjadala, lakini chini yake usivae mtandio mnene wa kukunjwakunjwa, wala pini. Kofia haitakaa sawa, na ukianguka pini inaingia kichwani. Mimi huvaa kofia nyepesi ya kitambaa, ile tunayovaa chini ya ushungi, na kanzu fupi iliyopasuliwa pembeni juu ya suruali. Buibui langu hubaki kwenye mkoba. Viatu viwe vya kufunika mguu, na kisigino kidogo cha kuzuia mguu usipenye kikuku chote. Malapa acha mlangoni.

Sasa Kamanda.

Yeye alikuwa farasi wa mashindano. Alikimbia kule Ngong, Nairobi, mpaka kasi ikapungua, akauzwa, akaja kula upepo wa bahari. Farasi wengi wa kupandia hapa nchini wana historia kama hiyo, na mimi sikujua maana yake. Kwanza, farasi wa mbio hufunzwa kupandwa akiwa anatembea: mtu anamshika joki, yaani mpanda farasi wa mbio, mguu, anamrusha juu, safari inaendelea. Ndiyo maana Kamanda hasimami. Nilikuwa na mguu mmoja kwenye kikuku na mwingine hewani, yeye huyo anakwenda. Bahati mzee alikuwa ameshika hatamu. Kwa farasi kama huyu usione haya, omba ashikwe, na upande kutoka kwenye kijukwaa, si kujivuta kutoka chini.

Pili, na hili ndilo kubwa. Joki hushika hatamu zikiwa zimekaza, na farasi hufunzwa kuziegemea akizidi kukimbia. Kwa Halua, kuvuta ni kusimama. Kwa Kamanda, kuvuta ni taarifa kwamba mbio zimeanza.

Tulianza vizuri kwa mwendo wa kawaida, mapigo manne ya kwato, nasikia kila moja. Mwalimu akaniambia nimpeleke matiti (msicheke, ndilo neno letu la tangu zamani la mwendo huo wa mapigo mawili). Halua kwenye matiti hukutikisa kama mtu anayepepeta mchele. Kamanda alinirusha. Hatua yake ni ndefu, na mimi nilikuwa nainuka na kukaa kwa mdundo wa Halua, nikishuka yeye anapanda. Nikaogopa. Nikabana magoti. Kwa farasi mwepesi wa kusikia, miguu inayobana maana yake ni "nenda". Akaenda. Nikavuta. Akaongeza. Nikavuta zaidi.

Ilikuwa Julai, kusi inavuma, na nyumba ya jirani walikuwa wameanika kanga. Moja ikapiga pwaa! Serikali ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2017, nadhani farasi wote wa Kenya walishukuru, lakini kanga hakuna atakayeipiga marufuku. Kamanda akatoka shoti. Nilisikia sauti ya mwalimu kwa mbali: "Legeza! Legeza mikono! Mzungushe!"

Kulegeza hatamu za mnyama anayekimbia nawe ni sawa na kuambiwa uachie usukani gari likiwa mteremkoni. Lakini fikiria hesabu yake. Yeye ana karibu kilo 500, mimi 62. Mashindano ya kuvutana nilishayapoteza kabla sijaanza. Nilitoa pumzi, kwa sauti, kama mtu aliyetua mzigo. Nikalegeza mkono wa kulia, nikafungua wa kushoto taratibu kuelekea goti langu, si kwa kunyakua, na macho nikayapeleka tunakotaka kugeuka. Tukaingia kwenye duara kubwa, kisha dogo kidogo, kisha dogo zaidi. Farasi hawezi kukimbia kwa nguvu zake zote akiwa amepinda. Akarudi matiti, akarudi mwendo wa kawaida, akapiga chafya. Duara lile lianze kubwa lakini: ukimpinda ghafla akiwa kwenye kasi, anaweza kuteleza mkaanguka wote wawili.

Nikataka kushuka. Mwalimu hakunilazimisha wala hakunibembeleza. Alisema, "Ukishuka sawa. Ukibaki, tutatembea tu." Nikabaki, tukatembea tu, na huo ndio wakati niliojifunza kuliko miezi saba yote.

Kumbe ndivyo ilivyopasa kuanza. Dakika kumi za mwanzo za farasi mgeni usizitumie kumwonyesha unachojua. Zitumie kumuuliza. Nilimwomba kwenda kwa kugusa kidogo sana kwa mashavu ya miguu, kama unavyogonga mlango wa mtu mgonjwa; akaitika. Kwa Halua ningehitaji kugonga kama mdai. Nikaomba kusimama bila kuvuta: nimekaa wima, nimetoa pumzi, nimeacha kufuata mwendo wake kwa kiuno, vidole vimefumba kwenye hatamu mara moja na kufumbuka. Mara ya kwanza alichukua hatua sita. Mara ya tano, mbili. Kushoto akageuka kwa kutazama tu. Kulia alikuwa mzito. Baada ya kila jibu zuri nilimsugua shingoni, akawa anateremsha kichwa, sikio moja likigeuka kwangu. Sikio hilo ndilo la kulitazama. Likikugeukia, mnazungumza. Yote mawili yakielekea mbele, yamesimama kama pembe, kuna kitu amekiona ambacho wewe hujakiona, na una sekunde moja ya kumpa kazi nyingine, mduara mdogo, kabla hajaamua mwenyewe.

Usipande matiti mpaka kusimama kuwe kumekubali. Mwalimu mzuri atakuelewa ukimwambia, "Nipe muda nimzoee." Asiyekuelewa, akakucheka au akakwambia unamchelewesha, shuka. Niliwahi kuonja somo moja kwingine, kabla ya Halua, mwalimu akampiga farasi wangu kiboko nyuma bila kuniambia ili "nichangamke". Sikurudi, na pesa za masomo manne nilizolipa mbele niliziacha hukohuko.

Jambo jingine dogo: sema kuwa unaogopa. Kwa sauti, kwa mwalimu. Nilipojifanya jasiri mwili wangu ulisema uongo mdomoni na ukweli magotini, na Kamanda alikuwa anasikiliza magoti. Nilipokiri, mwalimu alinipa ukanda mfupi wa ngozi wa kufunga shingoni mwa farasi, nishike huo nikitetereka badala ya kuning'inia kwenye lijamu, kile chuma cha mdomoni mwake. Mpaka leo sipandi farasi mgeni bila huo ukanda. Nimeona watu wa miaka ishirini kwenye tandiko wakiutumia.

Nilipomaliza, mzee wa zizi alimpokea Kamanda, akamlegeza mkanda, akanitazama nikitetemeka miguu kama mtoto wa mbuzi. "Nilikwambia usimvute," akasema. Nikamwambia, "Ni kweli, mzee, sikusikia." Akacheka. Akanipa ndoo na sponji nimwoshe jasho, na hilo nalo nakushauri usilikwepe: muoshe mwenyewe, mtembeze mpaka kifua kitulie. Nusu saa hiyo ya chini ilinifanya nimjue zaidi kuliko nusu saa ya juu, na Jumamosi niliyopewa tena hakuwa mgeni kamili.

Halua alirudi baada ya wiki mbili na kiatu kipya. Nikapanda, nikajaribu kumuuliza kwa upole kama nilivyomuuliza Kamanda. Tulipofika kona ya mwembe, pale tunapogeukaga kila Jumamosi, nikamwomba anyooke, tupite mbele kidogo. Hakunyooka. Akageuka kushoto peke yake, kama siku zote, akatembea mpaka kwenye kivuli, akasimama, akaanza kula majani.